Poka: hesabu walio nyuma yako kabla ya kutazama karata zako

Katika poka ya Texas Hold'em kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza: tatu kwa pamoja (flopu), halafu moja, halafu moja ya mwisho. Pakiti ya karata 52 inatoa michanganyiko 1,326 ya karata mbili. Zinazolingana nguvu ukizifanya kitu kimoja, zinabaki makundi 169. Mwongozo huu unaeleza uingie na zipi na utupe zipi, na jibu linategemea kiti ulichokalia kuliko wengi wanavyodhani. Ree na 8 inayokuletea faida ukiwa wa mwisho kusema (yaani kuamua utupe, ulipe sawa na dau au upandishe) itakumaliza ukiwa wa kwanza.

Humu R ni ree, M ni mfalme, B ni bibi, G ni ghulamu. "Aina moja" ni karata mbili za kopa zote, au uru, shupaza, pau. "Aina mbili" ni zilizochanganyika.

Kabla ya kukaa mezani

Malindi ina Wataliano wengi, na Mtaliano wa makamo akikualika poka, uliza kwanza ni poka gani. Huenda anakusudia ile ya kwao: karata tano za siri kwa kila mtu, unabadilisha usizozitaka, na pakiti imepunguzwa. Kanuni yao ni 11 kutoa idadi ya wachezaji. Wakiwa wanne, karata ndogo kabisa inayobaki ni 7 na pakiti inakuwa na karata 32. Hapo karata tano za aina moja zinashinda tatu-na-pea (tatu za namba moja na pea, yaani mbili za namba nyingine), kinyume cha Texas Hold'em. Orodha zilizo hapa chini hazifai kabisa kwa mchezo huo.

Angalia pia mwelekeo. Poka huzunguka kwenda kushoto, kama mishale ya saa. Scopa na briscola, michezo ya karata ya Kitaliano, huzunguka kwenda kulia, na aliyezizoea akigawa karata za poka mkono unaweza kumpeleka alikozoea. Mwelekeo ukigeuka, aliyepaswa kusema wa mwisho anajikuta wa kwanza, na mkono mzima, yaani duru nzima ya karata zilizogawiwa, umeharibika.

Kuhusu thamani ya kete (vidude mnavyowekea madau): Lamu na Malindi wako wengi wasiokubali pesa mezani kwa sababu ya dini, na hesabu zote za humu zinakwenda sawasawa kwa komwe za bao zisizonunuliwa wala kuuzwa. Sharti ni moja: kila mtu aanze na idadi ileile, na zikimwishia awe ametoka. Komwe zikiwa za kuongezewa kila saa, hakuna anayeumia kupoteza, watu wote wanaingia na karata zozote, na hapo hakuna cha kujifunza. Anayecheza kwa pesa awe ametimiza miaka 18 na awe ameshakubali moyoni kuwa kiasi alichobeba kinaweza kwenda chote.

Hatua ya 1: Tafuta kitufe, kisha hesabu

Kitufe ni alama ya mgawaji. Kila mkono ukiisha husogea mtu mmoja kushoto. Anayefuata kushoto kwake huweka dau dogo la lazima, anayefuata tena dau kubwa. Tuchukue dau dogo 10 na dau kubwa 20 kwa mifano yote.

Kabla ya flopu wa kwanza kusema ni aliye kushoto kwa dau kubwa, na wa mwisho ni dau kubwa mwenyewe. Baada ya flopu mambo yanabadilika: dau dogo ndiye wa kwanza, kitufe wa mwisho, na itakuwa hivyo mpaka mkono uishe. Ndiyo sababu kiti cha kitufe ni bora kuliko vyote. Aliyekalia hapo ameshaona kila mtu amefanya nini kabla hajagusa kete zake, mara tatu mfululizo. (Wakibaki wawili tu mchezoni, mwenye kitufe ndiye huweka dau dogo, husema kwanza kabla ya flopu na mwisho baada yake.)

Swali la kujiuliza kabla hujanyanyua ncha za karata ni hili: nyuma yangu wamebaki wangapi ambao hawajasema? Usihesabu kutoka kwa wa kwanza kwenda mbele. Meza ya tisa ina watu wanane nyuma ya wa kwanza. Meza ya sita ina watano tu. Wote wawili huitwa "wa kwanza", lakini hatari zao ni tofauti sana.

Hesabu hii itakuonyesha kwa nini. Karata kali tuseme ni pea ya 10 kwenda juu, R-M na R-B. Hizo ni michanganyiko 62 kati ya 1,326, yaani mtu mmoja anazo kwa karibu asilimia 4.7. Wakiwa wanane nyuma yako, uwezekano kwamba angalau mmoja anazo ni kama asilimia 32. Wakiwa watano ni 21, watatu ni 13, wawili ni 9. Karata zako ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu wanaoweza kukushtua.

Hatua ya 2: Chagua orodha inayolingana na hesabu yako

Orodha hizi ni za mtu anayeingia wa kwanza, yaani waliomtangulia wote wametupa. Tumezibana kidogo makusudi, kwa sababu anayejifunza hupoteza zaidi kwa karata za mpakani kuliko kwa zile alizotupa.

*Wamebaki wanane, saba au sita.* Pea ya 7 kwenda juu. R-M, R-B, R-G na R-10 za aina moja. M-B ya aina moja. R-M na R-B za aina mbili. Basi. Ni michanganyiko 92, takriban mara moja katika mikono 14. Utatupa na kutupa mpaka uchoke, na hivyo ndivyo kiti hiki kinavyochezwa.

*Wamebaki watano au wanne.* Ongeza pea ya 6 na ya 5; R-5 aina moja (inaweza kuunda mfululizo wa chini na karata tano bora za aina yake); M-G na M-10 aina moja; B-G, B-10, G-10 na 10-9 za aina moja; R-G na M-B za aina mbili. Sasa umefika karibu asilimia 12.

*Wamebaki watatu.* Hiki ni kiti cha kabla ya kitufe. Pea zote mpaka ya 2. Ree yoyote ya aina moja. M-9, B-9, G-9 na 10-8 kwenda juu za aina moja, pamoja na 9-8, 8-7 na 7-6 za aina moja. Kwa aina mbili: R-10 kwenda juu, M-B, M-G, B-G. Ni mkono mmoja katika mitano.

*Wamebaki wawili, yaani uko kwenye kitufe.* Hapa panuka. Pea zote, ree yoyote iwe ya aina moja au mbili, mfalme yeyote wa aina moja. B-8, G-8 na 10-8 kwenda juu za aina moja. 9-8, 9-7, 8-7, 8-6, 7-6, 7-5, 6-5 na 5-4 za aina moja. Kwa aina mbili: M-9 kwenda juu, B-10 kwenda juu, G-10, 10-9. Jumla ni asilimia 36, zaidi ya theluthi ya mikono yote.

Meza za nyumbani kwa kawaida huwa na watu watano au sita. Hapo orodha ya kwanza haitumiki kabisa. Unaanzia ya pili. Anayeingia meza ya watano na ubahili wa meza ya tisa huliwa na madau ya lazima taratibu, kwa sababu yanamfikia kila baada ya mikono michache.

Hatua ya 3: Ukiingia, pandisha

Ukiwa wa kwanza kuingia, weka mara tatu ya dau kubwa, yaani 60. Usifuate (usilipe tu sawa na dau lililopo) 20 kimyakimya kuona kitatokea nini. Ukifuata tu, dau kubwa anaona flopu bure na karata zozote alizo nazo, walio nyuma wanaingia kwa bei rahisi, na wewe huwezi kulichukua fungu (madau yote yaliyo katikati ya meza) hapohapo. Ukipandisha, mara nyingi wote wanatupa na zile 30 za lazima zinakuwa zako bila flopu.

Waliokutangulia wakiwa wamefuata tu, ongeza dau kubwa moja kwa kila mmoja wao: wawili wamefuata, weka 100. Tena tumia orodha ya kiti kimoja nyuma, kwa sababu kila aliyefuata ana karata alizozipenda. Ukiwa kwenye kitufe na watu watatu wamefuata, pea ndogo au 7-6 aina moja unaweza kufuata nayo kwa 20. Ni mojawapo ya nafasi chache ambapo kufuata tu kuna maana: bei ni ndogo, fungu ni kubwa, na utakuwa wa mwisho kusema.

Ukubwa wa dau usibadilike kwa nguvu ya karata. Anayeweka 60 kwa R-10 na 120 kwa pea ya wafalme husomwa ndani ya nusu saa.

Mkono mmoja, viti viwili

Chukua R-8 za aina mbili, karata zinazowaponza wengi.

Meza ya tisa, wewe ni wa kwanza. Unapandisha 60, wawili wa katikati wanafuata, madau ya lazima wanatupa. Fungu ni 210. Flopu: ree, 9, 4. Umepata pea ya ree, unaweka 120. Mmoja anatupa, mmoja anafuata. Fungu 450. Inakuja 5. Sasa sema wewe, kwa sababu yeye yuko nyuma yako. Ukiweka 250, nani atafuata? Mwenye 9 atatupa, mwenye R-B, R-G au R-10 atafuata kwa furaha. Ukigonga meza bila kuweka, yeye ataweka, na utakuwa unakisia. Karata zako zimetimia, na bado hakuna hatua unayoifurahia. Ree yako ikigongana na ree yenye mwenzi mkubwa kuliko 8, hapo unashindwa zaidi ya mara tisa katika kumi.

Karata zilezile, wewe uko kwenye kitufe na wote wametupa. Unapandisha 60. Mara nyingi wawili waliobaki wanatupa. Tuseme dau kubwa anafuata; fungu ni 130. Flopu ni ileile. Yeye anagonga meza, wewe unaweka 60. Je, ana ree kubwa kuliko yako? Angekuwa na R-M au R-B, angepandisha tena kabla ya flopu. Akifuata na karata inayokuja akagonga tena, unaweza kugonga nawe na kuona karata ya mwisho bila gharama. Uamuzi wa bei uko mkononi mwako kila awamu.

Hatua ya 4: Mwingine ameshapandisha

Orodha za hatua ya 2 zifunge. Aliyepandisha ameshakuambia ana kitu, na kukutana naye kunataka karata kali kuliko za kufungulia wewe mwenyewe. La kutazama si kiti chako peke yake. Ni kiti chake.

Amepandisha kutoka viti vya kwanza: pandisha tena kwa R-R, M-M, B-B na R-M. Fuata kwa G-G, 10-10 na R-B aina moja. R-G ya aina mbili, M-B ya aina mbili, M-G ya aina yoyote, tupa bila kusikitika, hata kama ungefungulia nazo ukiwa hapohapo. Hizi ndizo karata za kuwa wa pili: flopu ikikupa pea ya mfalme, yeye ana mfalme na ree.

Amepandisha kutoka kwenye kitufe au kiti kimoja kabla yake: karata zake ni nyingi na nyepesi. Sasa G-G, 10-10 na R-B zinatosha kupandishia tena. Kiasi kiwe mara tatu ya dau lake ukiwa utasema baada yake, mara nne ukiwa utasema kabla yake.

Pea ndogo zina hesabu yake. Pea yoyote hupata ya tatu kwenye flopu kwa asilimia 11.8, mara moja katika nane na nusu. Mara nyingine zote unatupa. Kwa hiyo kufuata 60 na pea ya 4 kunalipa tu ikiwa wewe na yeye mna angalau mara 15, bora 20, ya kiasi hicho, yaani kete 900 hadi 1,200 kila mmoja. Akiwa na 400, tupa. Hata ukiipata hiyo nne ya tatu, hana cha kutosha kufidia ulizopoteza njiani.

Viti vya madau ya lazima

Dau dogo ndicho kiti kibaya kuliko vyote, na watu hukicheza vibaya zaidi kuliko vingine kwa sababu wanasema "nimeshaweka nusu". Zile 10 si zako tena, ni za fungu. Baada ya flopu wewe ndiye wa kwanza kusema kila mara. Wote wakitupa mpaka kwako, pandisha kwa orodha ya "wamebaki watatu" na zilizobaki tupa. Mtu akiwa amepandisha, ama pandisha tena ama tupa. Kufuata kuwe nadra.

Dau kubwa ana punguzo. Kitufe kimepandisha hadi 50, dau dogo ametupa: fungu lina 80, wewe unaongeza 30 ili kushindania 110. Unahitaji kushinda asilimia 27 tu ya wakati. Kwa bei hiyo pea zote, ree za aina moja, karata mbili za picha, na mfuatano wa aina moja kama 9-8 au 7-6 zinaingia. Lakini kiti cha kwanza kikipandisha hadi 60, fungu ni 90, unaongeza 40, unahitaji karibu asilimia 31 mbele ya mtu mwenye karata kali, nawe utakuwa wa kwanza kusema mpaka mwisho. M-10 na R-7 za aina mbili zitupe. Asilimia ya kwenye karatasi huwa haipatikani yote na mtu anayecheza bila kuona.

Makosa yanayogharimu zaidi

"Lakini zilikuwa aina moja." Aina moja huongeza asilimia 2 hadi 4 tu ya ushindi juu ya karata zilezile za aina mbili, na kupata tano za aina moja kwenye flopu hutokea mara moja katika 119. B-4 ya kopa ni B-4.

Kuingia kwa uchovu. Umetupa mikono 20, inakuja M-9 kiti cha pili, inang'aa. Pea huja mara moja katika 17, pea ya ree mara moja katika 221. Ukame ni kawaida ya mchezo, na pakiti haina deni nawe.

Kutotazama urefu wa kete. Ukibaki na chini ya madau makubwa 20 (400 kwa mfano wetu), pea ndogo na 7-6 hupoteza thamani maana hakuna cha kuvuna, na karata kubwa kama R-G au M-B hupanda. Chini ya madau 10, kufuata hakuna: weka zote au tupa.

Kutobadilika na meza. Msimu wa sikukuu Malindi unaweza kukaa na wageni wanaotaka kuona kila flopu. Hapo mkwara (kuweka dau kubwa bila karata nzuri ili watupe) haufanyi kazi kwa mtu asiyetupa. Pandisha mara nne au tano badala ya tatu, punguza R-9 na M-9 za aina mbili hata kwenye kitufe, ongeza thamani ya pea na ree za aina moja, kwa kuwa wakifuata wanne karata kamili ndizo hulipwa. Meza ikiwa ya watu wanaotupa sana, fanya kinyume: kwenye viti viwili vya mwisho ongeza hata karata ambazo hazimo katika orodha.

Mazoezi bila mpinzani

Gawa karata mbilimbili kwa viti sita, weka kitufe, na zifunue kiti kimoja baada ya kingine kuanzia wa kwanza kusema. Sema kwa sauti wangapi wamebaki, kisha ingia au tupa kabla ya kufunua kinachofuata. Akiingia mmoja, waliobaki waamue kwa hatua ya 4. Mikono 30 huchukua kama saa moja. Ukishazoea, andika kwenye daftari kila uliposita: karata, idadi ya waliobaki, ulichoamua. Utaona kusita kwako kunajirudia kwenye karata chache zilezile, aghalabu R yenye mwenzi mdogo, M-G, na pea za chini. Hizo ndizo za kurudia orodha yake mpaka zisikusumbue tena.